Chembe za Sumaku Zinapogoma Ndani ya Chipu: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Mwongozo huu unahusu mtambo wa kawaida wa vipimo vya chipu (kibao kidogo chenye mfereji mwembamba wa kupitishia sampuli): mfereji wa PDMS, yaani mpira wa silikoni unaopitisha mwanga, uliobandikwa juu ya slaidi ya kioo, upana mikromita 200 na kimo mikromita 100; chembe za sumaku za Dynabeads, ama M-280 zenye kipenyo cha mikromita 2.8 au MyOne zenye mikromita 1.05; sumaku ya neodimiamu au koili; pampu ya sindano; hadubini yenye lenzi ya 20× na kamera. Chembe hubeba kingamwili, kingamwili hunasa kinachotafutwa kwenye damu au makohozi, na sumaku huvuta mzigo huo hadi mahali pa kusomea. Kama chipu yako ina vipimo tofauti, badilisha namba, mantiki haibadiliki.

Hitilafu nyingi zinazotupiwa kamera na programu huanzia kwenye ukuta wa mfereji na kwenye umbali wa sumaku. Kwa hiyo kagua kutoka chini kwenda juu: chembe, ukuta, sumaku, mtiririko, mwanga, halafu ndipo programu. Anayeanza kwa kuchezea mipangilio ya programu huishia kupata mistari mizuri kabisa ya chembe ambazo zimeganda.

Jaribio la kwanza, nje ya chipu

1. Tikisa chupa ya chembe kwa voteksi (mashine ya kutikisa) sekunde 30. M-280 huzama majini kwa karibu mikromita 1.7 kwa sekunde, hivyo chupa iliyolala usiku kucha ina maji matupu juu na tope chini. Ukichota bila kutikisa, hujui umechota nini.
2. Chukua mikrolita 1 ya chembe, weka kwenye mikrolita 650 za bafa (maji ya chumvi yenye kiwango cha asidi kisichobadilika). Chupa ya M-280 yenye mg 10 kwa mililita ina chembe milioni 600 hadi 700 kwa mililita, kwa hiyo utapata kama milioni 1 kwa mililita. Ndani ya mfereji wa upana wa mikromita 200 na kimo cha mikromita 100 hizo ni karibu chembe 13 kwenye eneo la kamera yenye pikseli 2048 kwa 2048, idadi inayofuatilika bila kugongana.
3. Weka tone kwenye kioo safi, funika, tazama bila sumaku. Chembe nzima hutetemeka muda wote, moja moja.
4. Leta sumaku kwa ubavu hadi mm 5. Zianze kusogea mara moja; ukiiondoa, zisimame papo hapo na kurudi kutetemeka. Chembe hizi ni sumaku zikiwa ndani ya uga wa sumaku tu.

Zikifaulu hapa, chembe na sumaku havina kosa, na tatizo linakusubiri ndani ya chipu. Zikishindwa, usipoteze chipu: shughulikia chembe kwanza.

Dalili: chembe hazivutwi, au zinavutwa kwa uvivu

Kisababishi kinachoongoza ni umbali. Silinda ya neodimiamu yenye kipenyo cha mm 5 na urefu wa mm 5 ina uga wa karibu tesla 0.58 usoni pake, 0.36 ukisogea mm 1, na 0.05 tu ukifika mm 5. Na kinachovuta chembe si ukubwa wa uga peke yake bali mteremko wake, yaani uga unavyopungua kutoka hatua hadi hatua. Mteremko huo hushuka kutoka karibu tesla 190 kwa mita ukiwa mm 1 hadi karibu 20 ukiwa mm 5. Slaidi ya kioo pekee ina mm 1. Ongeza kishikizio cha plastiki na utepe wa gundi, na nguvu imeshapungua mara kadhaa kabla hujawasha pampu.

Pima kwa kalipa kutoka uso wa sumaku hadi sakafu ya mfereji, si hadi chini ya kishikizio. Kama umbali unapita mm 2, badilisha slaidi kwa kioo chembamba cha mm 0.17 au toboa kishikizio ili sumaku iguse kioo. Kununua sumaku pana zaidi mara nyingi hakusaidii: katikati ya uso mpana uga ni mkubwa lakini mteremko ni mdogo. Ncha ya chuma laini iliyochongwa, ikibandikwa kwenye sumaku ndogo, hufanya kazi kuliko sumaku kubwa bapa.

Kinachofuata ni mtiririko. Kwenye mfereji huu, mikrolita 1 kwa dakika ni kasi ya wastani ya mm 0.83 kwa sekunde. M-280 ikiwa mm 5 kutoka kwenye sumaku tuliyoitaja husafiri chini ya mm 0.1 kwa sekunde majini. Sumaku iliyo ubavuni kwa umbali huo inaweza kukosa muda wa kuivusha chembe upana wote wa mfereji kabla haijapita. Zima pampu, subiri sekunde 30. Zikivutwa sasa, punguza mtiririko hadi mikrolita 0.2 kwa dakika au sogeza sumaku.

Halafu mnato, yaani jinsi kioevu kinavyokataa kutiririka. Damu nzima ina mnato mara kadhaa ya maji, na makohozi ambayo hayakuyeyushwa vizuri huzidi hapo. Hata maji hubadilika: kwenye nyuzi 20 mnato wake ni milipaskali-sekunde 1.00, kwenye nyuzi 30 ni 0.80. Chumba cha Dar es Salaam kikiwa na kiyoyozi asubuhi na bila umeme mchana hutoa kasi mbili zinazotofautiana kwa robo, bila mtu kugusa kitu. Andika joto la chipu kwenye kila rekodi. Bila hilo namba za Jumatatu na za Alhamisi hazilinganishiki.

Kwa nadra, sumaku yenyewe imechoka. Neodimiamu ya daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi 80, na chipu zinazokuza DNA hufika 95. Sumaku iliyosahauliwa juu ya hita hairudi ilivyokuwa ikipoa. Ilinganishe na mpya kwa kipima uga. Ikiwa imeshuka, badilisha, na kwa kazi ya joto nunua daraja lenye herufi SH, linalovumilia hadi 150.

Chembe ndogo si kosa. Kwa malighafi ileile, kasi hufuata mraba wa kipenyo. Usitegemee MyOne ikimbie kama M-280.

Dalili: chembe zimeganda sakafuni

Hii ndiyo inayoharibu vipimo vingi, na ndiyo inayodharauliwa. Chembe iliyoganda kwenye eneo la kusomea huhesabiwa kama iliyonasa kitu. Mgonjwa asiye na ugonjwa anapata jibu la kuwa nao.

Kwanza hakikisha imeganda kweli. Ondoa sumaku, zima pampu, rekodi dakika moja. M-280 iliyo huru katikati ya maji ya nyuzi 25 huhama karibu mikromita 0.6 kwa sekunde moja kwenye kila mhimili, kwa mtetemo wa joto tu. Ikiwa karibu na sakafu, maji yaliyobanwa kati yake na kioo huipunguza mwendo, na msambao wake unaweza kushuka hadi nusu. Hilo ni la kawaida. Isiyohama kabisa imeganda. Inayocheza ndani ya duara dogo bila kutoka imefungwa kwa uzi wa molekuli, na hiyo haifanani na iliyobandika bapa: inaweza kuwa ndiyo muungano halisi unaoutafuta.

Kisababishi cha kawaida ni ukuta usiofunikwa. PDMS haipendi maji, na protini za kwenye chembe hujibandika juu yake. Kabla ya kila jaribio jaza mfereji Pluronic F-127 (sabuni laini ya kufunika kuta) ya asilimia 1 kwenye maji, iache dakika 30 hadi saa moja, kisha pitisha bafa angalau mara kumi ya ujazo wa mfereji. Hapa kuna mtego: Pluronic hushika kuta zisizopenda maji. PDMS iliyotoka sasa hivi kwenye mashine ya plazima (gesi yenye chaji inayotumika kubandika chipu) inapenda maji, kwa hiyo haishiki, na mtu anashangaa kwa nini dawa ile ile iliyofanya kazi wiki iliyopita leo imekataa. Iache chipu hadi kesho yake, au funika kwa albumini ya ng'ombe (BSA) ya asilimia 1 badala yake. Kwa sakafu ya kioo BSA ndiyo ya kuanzia, pamoja na Tween 20 (sabuni nyingine laini) ya asilimia 0.05 kwenye bafa inayopita.

Cha pili ni sumaku iliyowekwa chini ya mfereji na kuachwa hapo. Inazikandamiza chembe kwenye kioo. Kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyozidi kushika. Weka sumaku kwa ubavu, au ishushe kati ya hatua na hatua. Sekunde 60 za kukamata zinatosha kwa kazi nyingi. Dakika 10 ni kuomba matatizo.

Kisha chumvi. Chembe na kioo vyote vina chaji hasi na husukumana, lakini kwenye chumvi ya milimola 150 msukumano huo unakufa ndani ya nanomita 1 hivi. Pima kwa kupunguza chumvi mara kumi. Zikiachia, umejua kisababishi. Usibaki hapo, maana kingamwili nyingi zimezoea chumvi ya kawaida: rudisha chumvi na uongeze kifuniko cha ukuta.

Ukishafanya yote hayo na bado zaidi ya chembe chache zinaganda kwenye sampuli isiyo na kilengwa (kile kinachotafutwa), tupa chipu. Kusugua kwa sabuni kali au kupandisha mtiririko hadi zing'oke hung'oa pia zile zilizonasa kwa haki.

Dalili: mafungu na minyororo

Ndani ya uga, chembe hujipanga mstari kama shanga. Hiyo ni fizikia ya kawaida. Swali ni kinachotokea sumaku ikiondoka. Minyororo ikivunjika ndani ya sekunde chache, chembe ni nzima na wewe umezidisha wingi: punguza mara mbili au tatu. Isipovunjika, una mafungu ya kudumu.

Mafungu hayo hutokana kwanza na uoshaji mbaya: chembe zilibanwa kwenye stendi ya sumaku muda mrefu, kisha zikarudishwa kwenye bafa bila Tween. Osha mara tatu, dakika 1 hadi 2 kwa kila mkamato, na changanya nje ya sumaku kwa kupandisha na kushusha pipeti mara 20. Pili, zimekauka au zimegandishwa. Chupa iliyosukumwa nyuma kabisa ya friji ikashika barafu haifai tena, hata tarehe yake iwe nzuri. Tatu, kilengwa chenyewe chenye mikono mingi, kama bakteria mzima, huunganisha chembe mbili au tatu. Hilo huwezi kuliondoa, ila unaweza kulipima.

Bafu la mawimbi ya sauti, sekunde 10 hadi 30, huvunja mafungu ya chembe safi. Usilitumie kamwe kwa chembe zilizokwisha kukutana na sampuli ya mgonjwa nje ya kabati la usalama. Mawimbi hurusha matone madogo hewani, na kama ni makohozi ya anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu, umekivuta wewe.

Dalili: kwa koili au uga unaozunguka, chembe zinaruka, zinabaki nyuma, au zinachoka

Zinazobaki nyuma: umepita masafa ambayo mvuto unaweza kushinda msuguano wa maji. Chembe inayozungushwa juu ya vipande vya nikeli na chuma hufuata uga hadi masafa fulani, halafu huanza kuteleza na kutikisika mahali pamoja. Anza hertzi 0.1, panda taratibu, andika zinapoanza kuachwa, fanya kazi kwenye nusu ya hapo. Ukibadilisha aina ya chembe au sampuli, pima upya.

Zinazochoka baada ya dakika chache: koili imepata joto. Ukiongeza mkondo mara mbili, joto linalozalishwa huongezeka mara nne. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, kwa hiyo koili inayoendeshwa kwa volti zisizobadilika, ikipanda nyuzi 50, inapoteza takriban asilimia 16 ya uga wake kimyakimya. Tumia kiendeshi cha mkondo usiobadilika na washa kwa vipindi. Bandika kipima joto kwenye chipu, si kwenye koili. Ikipita nyuzi 40, punguza, la sivyo kingamwili zako ndizo zitakazofuata kuharibika.

Harufu ya vanishi ya waya, au koili inayobadilisha rangi: zima ukutani na uite fundi wa umeme. Usifungue kiendeshi mwenyewe, kapasita zake hubaki na chaji baada ya kuzima.

Dalili: chembe zinaenda mbele na nyuma, au zinasimama na kuchomoka

Tafuta povu. Karibu kila mara lipo, kwenye kona au kwenye kiungo cha mpira. Bafa iliyotoka friji ya nyuzi 4 ikaingia chipu ya nyuzi 30 hutema hewa. Iache ifike joto la chumba, kisha iweke kwenye ombwe dakika 20 hadi 30. Povu lililokwisha kuingia kwenye PDMS huondoka hivi: bana mdomo wa kutokea, sukuma bafa kwa shinikizo dogo, subiri dakika chache hewa ipenye kwenye PDMS yenyewe. Kwa chipu ya kioo kitupu au plastiki ngumu mbinu hii haifanyi kazi, na kusukuma zaidi kutafungua viungo.

Kama mdundo una mapigo ya sawasawa, ni hatua za mota ya pampu. Bomba la sindano la mililita 10 likitumika kutoa mikrolita 0.2 kwa dakika husogea kwa kushtukashtuka. Weka la mikrolita 100 au 250. Na badilisha mpira laini wa silikoni kwa bomba gumu la PTFE (Tefloni).

Dalili za kamera na programu

*Kasi ni mara mbili, au nusu, ya inayotarajiwa.* Kipimo cha pikseli si sahihi. Kamera yenye pikseli za mikromita 6.5 kwa lenzi ya 20× hutoa mikromita 0.325 kwa pikseli, lakini ukiunganisha pikseli mbili kwa mbili ni 0.65, na adapta ya 0.5× huongeza mara mbili tena. Usikokotoe; piga picha rula ya hadubini yenye mistari ya mikromita 10 na uhesabu.

*Kasi inatofautiana bila mpangilio.* Angalia muda wa kila fremu kwenye faili, si fremu kwa sekunde ulizoomba. Diski ya polepole hudondosha fremu, na programu huchukulia zote zipo.

*Chembe zinabadilishana majina.* Chembe ya mikromita 300 kwa sekunde, kwa fremu 30, huruka mikromita 10, karibu pikseli 31, kati ya fremu na fremu. Kama jirani yake yuko pikseli 20, hakuna programu itakayojua nani ni nani. Panda hadi fremu 150, au punguza chembe. Kupanua eneo la kutafutia kwenye TrackMate au trackpy (programu za kufuatilia chembe) bila kufanya hivyo kunaongeza makosa.

*Chembe zina mkia.* Muda wa mwanga ni mrefu. Mwendo ndani ya fremu moja usizidi robo ya kipenyo: kwa mikromita 300 kwa sekunde na M-280, hiyo ni milisekunde 2.3.

*Picha inapepesa.* Umeme wetu wa hertzi 50 hupepesa taa mara 100 kwa sekunde. Tumia LED ya umeme wa betri au wa DC uliotulia. Kuweka muda wa milisekunde 10 huondoa mpepeso lakini hurudisha mkia.

*Zote zinahama upande mmoja hata sumaku isipokuwepo.* Meza ya hadubini inateleza, au mtiririko haujafa. Fuatilia chembe moja iliyoganda: mwendo wake wowote ni wa meza, uutoe kwa zingine zote. Hapa ndipo chembe iliyoganda ina faida.

*Sehemu za desimali za nafasi zimerundikana kwenye 0 au 0.5.* Dirisha la kutafutia ni dogo mno. Kwenye trackpy ongeza kipenyo, kiwe namba witiri, hadi grafu ya desimali iwe bapa.

Dalili: chembe zimefika, ishara haipo

Chupa za chembe mara nyingi huhifadhiwa kwa azidi ya sodiamu (kemikali ya kuzuia vijidudu) asilimia 0.02, na azidi huua peroksidesi, kimeng'enya kinachotumika kutoa rangi. Uoshaji mara tatu huimaliza. Majitaka yenye azidi yakusanywe chupani; yakiingia kwenye mabomba ya shaba au risasi huunda chumvi zinazolipuka.

Kwa chembe zenye streptavidini, protini inayoshika vitamini iitwayo biotini, uliza kama mgonjwa anatumia vidonge vya biotini vya nywele na kucha. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu majibu yasiyo sahihi yanayotokana na biotini. Na kama sampuli ina kilengwa kingi kupita kiasi, ishara hushuka badala ya kupanda. Ipunguze mara 10 na mara 100, upime tena.

Mahali pa kusimama

Chipu yenye sampuli ya mgonjwa ikivuja, zima pampu, usiifute mezani kwa tishu. Mwite msimamizi wa usalama wa maabara. Mashine ya plazima ikishindwa kuwaka ni kazi ya fundi aliyefunzwa, ina volti za juu. Mwenye kidhibiti mapigo ya moyo asikae karibu na neodimiamu, na sumaku zinazozidi mm 20 zishikwe kwa kutenganishwa na mbao, hubana vidole hadi kuvunja.

Na sampuli hasi ya udhibiti (ile inayojulikana kuwa haina kilengwa) ikitoa jibu chanya mara mbili mfululizo, kwa chipu mbili tofauti, sitisha majibu yote ya siku hiyo na umjulishe mkuu wa maabara kabla ya kurekebisha chochote. Tunza chipu hizo mbili jinsi zilivyo, kwenye kabati, pamoja na video zake. Ndizo zitakazoonyesha kama kosa ni la ukuta, la chembe, au la sampuli.